Lazima kuna wa kuachwa

Haya wadau, nimepotea kama wiki mbili hivi. Sikuwa naumwa, wala mitihani haijaanza. Nilikuwa na aibu tu. Leo naisema ili nipumue.

Huku Ohio ninakosomea ualimu, ukitaja futiboli hakuna atakayekumbuka Simba na Yanga. Wanamaanisha ule mpira wao wenye umbo la yai, wa kurusha kwa mkono na kuangushana. Sisi wa bwenini tunacheza ule mpole, wa bendera: watu saba kwa saba, kila mtu anafunga vitambaa kiunoni, na badala ya kumwangusha mwenye mpira unamchomoa kitambaa. Kusukumana marufuku. Wenzangu wakanipa kazi ya kupanga ulinzi, eti kwa sababu mimi ni mwalimu mtarajiwa, nina mpangilio. Kichwa kikavimba.

Mechi ya kwanza tukakutana na timu yenye jamaa mmoja mrefu, mbio zake si za kitoto. Yeye ni mpokeaji wa pembeni: anasimama kule ukingoni mwa uwanja, mpira ukianzishwa anachomoka kama mshale, na mrushaji wao anamtupia kwa mbali. Nikajiuliza, kwetu nani ana mbio? Yupo dogo mmoja wa mwaka wa kwanza, Mkongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla familia yao haijaletwa Marekani. Nikamwambia, "Dogo, yule ni wako. Usimwachie hata hatua moja." Basi. Huo ndio ulikuwa mpango mzima!

Jamaa alimpita mara nne, na mara zote nne wakafunga. Ya nne watazamaji walikuwa wanahesabu kwa sauti huku wanacheka. Tulilala 34 kwa 6. Baada ya mechi wenzetu wakamgeuzia dogo kibao, mmoja akatupa chupa ya maji chini kwa hasira. Mimi niliyempanga pale nikanyamaza kimya, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Jumanne dogo hakuja mazoezini. Alhamisi pia hakuja. Nikamkuta bwaloni anakula peke yake, nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa kile Kiswahili chao, wala hakupandisha sauti: "Kaka, muliniacha peke yangu."

Jamani, usiku ule sikulala vizuri.

Ninayeishi naye chumba kimoja ni mtoto wa hapa hapa, ukoo wao wote ni mashabiki wa Ohio State. Nikamuuliza, mtu kama yule anazuiwaje? Akacheka, akasema hata wakubwa yaliwashinda. Akafungua kompyuta, tukakaa kuangalia fainali ya vyuo vya Marekani ya tarehe 11 Januari 2021, Ohio State na Alabama, iliyochezwa Miami Gardens kule Florida. Yeye alikuwa anaangalia kama mtu anayeangalia picha za msiba.

Alabama walikuwa na DeVonta Smith. Mwembamba, hata kilo 80 hafikishi, lakini siku sita kabla ya mechi alikuwa ametangazwa mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Mpokeaji wa mwisho kuipata kabla yake alikuwa Desmond Howard wa Michigan mwaka 1991. Kwa hiyo huwezi kusema Ohio State walishtukizwa, nchi nzima ilijua mpira unakwenda kwa nani. Na bado, kipindi cha kwanza peke yake, Smith alidaka mipira 12, yadi 215, yaani kama mita 197, na akafunga tachidauni tatu. Kipindi cha pili aliumia mkono mapema akatoka, wala haikusaidia kitu. Alabama 52, Ohio State 24.

Nikamwambia mwenzangu arudishe nyuma, tena na tena. Nikaanza kuona. Alabama hawakumwacha Smith asimame mahali pamoja. Mara kushoto, mara kulia, mara ndani karibu na katikati, mara anatembea kabla mpira haujaanzishwa. Wewe umemwekea beki wako bora pembeni, wao wanamhamisha. Ile tachidauni ya tatu, ya yadi 42, aliyekuwa anamkimbiza alikuwa mlinzi wa kati, mtu mzito ambaye kazi yake hasa ni kupambana na wakimbiaji kule mbele. Jina lake silitaji, alishasemwa vya kutosha. Mimi nilimwangalia anavyoachwa hatua baada ya hatua, nikamwona dogo.

Mtakuja kuniuliza, si wangemwekea wawili Smith wamalize kesi? Haya tupige hesabu. Kule ni 11 kwa 11. Ukimtoa mrushaji, wanaoruhusiwa kutoka kwenda kudaka ni watano. Ukituma wanne wamsumbue mrushaji, unabaki na saba wa kulinda watano. Unaona kama una wawili wa bure. Lakini Alabama walikuwa pia na Najee Harris, mkimbiaji mwenye miguu kama magogo. Ukiwarudisha watu nyuma kwa ajili ya Smith, huyu anakupitia katikati. Siku ile Harris naye alipata tachidauni tatu. Kila unapoziba huku, kunafunguka kule.

Hapo ndipo nikaelewa kosa langu. Nilidhani kupanga ulinzi ni kutafuta mtu wa kumzuia jamaa. Kumbe ni kuamua unakubali kupoteza nini, na kulisema mapema ili kila mtu ajue. Usipoamua wewe, wapinzani watakuamulia, na watakayemchagua ni yule mnyonge kuliko wote uwanjani. Halafu lawama zinamwangukia yeye.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba somo likianguka, kabla hujamnyooshea mwanafunzi kidole, rudi kwenye andalio la somo. Nilikuwa nalijibu hilo kwenye mitihani na kupata maksi zangu nzuri. Uwanjani nilimpa dogo kazi ya watu wawili, nikamsahihisha kwa kalamu nyekundu.

Nikaenda chumbani kwake na karatasi. Kwanza nikamwomba radhi. Pili tukapiga hesabu yetu ya saba kwa saba. Mmoja wetu anamkimbilia mrushaji, maana mpira mrefu unahitaji muda, ukimnyima muda umeshapunguza nusu ya shida. Wawili kwa yule jamaa: dogo anacheza mbele yake upande wa ndani, amzibe njia ya katikati, na mimi nakaa nyuma kama yadi 15, kazi yangu moja tu, nisipitwe. Tumebaki wanne. Wao, ukitoa mrushaji na jamaa, wamebaki watano. Wanne kwa watano. Nani aachwe?

Dogo akafikiri, akasema, "Ule anayeanzisha mpira. Mikono yake haikamate." Kweli bwana! Yule anayepitisha mpira nyuma katikati ya miguu ana mikono kama sahani. Tukamwacha huyo, na tukaitangazia timu nzima: akidaka, hakuna kumfokea mtu, ni mimi niliyeamua. Na jamaa akihama, sisi wawili tunahama naye, mwenye kupiga kelele ni dogo.

Marudiano yalikuwa juzi usiku, baridi ya kukata masikio. Walimhamisha jamaa kama Alabama, dogo akapaza sauti mpaka ikakauka. Mwenye mikono ya sahani alidondosha mitatu, wa nne akadaka, akafunga. Aliyetupa chupa siku ile alinigeukia, akafungua mdomo, akaufunga. Jamaa alifunga mara moja tu, na aliyepitwa ni mimi. Alijifanya anakata ndani, nikaingia mtegoni kama kuku.

Tulifungwa 20 kwa 19. Ndiyo, tulifungwa, msinicheke.

Wakati tunavua vitambaa dogo akanifuata akaniambia, "Kaka, ile ya jamaa ni yetu wawili. Nilichelewa kukuita." Sikubaliani naye, alikuwa ameita vizuri kabisa. Ila sikubisha, maana lilikuwa neno lake la kwanza kwangu likiwa na "yetu" ndani yake. Kisha akauliza Jumanne mazoezi ni saa ngapi.

Naishia hapa, nina andalio la kukabidhi kesho saa nne asubuhi na bado sijaandika hata lengo la somo. Siku njema wadau.