Kengele ya Saa Tisa

Kwa miaka miwili nilikuwa mwalimu wa taaluma katika shule ya bweni ya wavulana, na kwa miaka hiyo miwili niliwaibia watoto wa watu usingizi. Nasema kuiba kwa makusudi.

Wazo lilikuwa langu. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametuaibisha, mkuu wa shule akataka mkakati, nami nikasimama kwenye kikao nikasema vijana hawa wanalala mno. Prepo ya jioni ikasogezwa hadi saa tano usiku. Saa tisa usiku kengele ikagongwa: rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mwembe. Waliosinzia darasani niliwamwagia maji kwa kopo. Wazazi walipokuja mkutanoni niliwasimulia yote hayo kwa majivuno, wakanipigia makofi. Jambo moja sikuwasimulia: nikishaona taa za madarasa zimewaka, nilimwachia kiranja zamu, mimi nikarudi kitandani hadi saa kumi na mbili.

Na mimi ni mwalimu wa baiolojia.

Kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu aliyejificha stoo ya matranka kila kengele ilipolia. Nilipomfuma mara ya tatu nilimsimamisha mbele ya paredi ajieleze. Akasema, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, mimi nikilala ndiyo nakumbuka." Paredi nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka kuliko wote. Akafyeka uwanja wa mpira wiki nzima, saa ambazo wenzake walikuwa wanapiga msuli.

Miaka kadhaa baadaye nilirudi chuo kusomea shahada, tukapewa mada ya kumbukumbu. Ndipo nilipokutana na jaribio la Jenkins na Dallenbach, la mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Walikaririsha vijana wawili orodha za silabi 10 zisizo na maana, kisha wakawapima baada ya muda, safari nyingine wakitoka usingizini, safari nyingine wakiwa wameshinda macho. Saa 8 zikipita wamelala, walikumbuka zaidi ya nusu. Zikipita wakiwa macho, ilibaki kama silabi moja. Watu wawili tu, unaweza kusema si kitu, na kwa kweli nilitamani kusema hivyo. Lakini kila nilipofunua ukurasa mwingine, ulikuwa upande wa yule kijana. Mwaka 1994 Wilson na McNaughton walionyesha kwamba seli za hipokampasi ya panya zilizochangamka pamoja alipokuwa akizunguka kutafuta chakula, huchangamka tena pamoja akiwa amelala, kana kwamba anaipita njia ile upya. Hipokampasi ndiyo sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya, na usingizi mzito husaidia kuyapeleka yakakae kwa kudumu. Usingizi wenye ndoto nyingi nao huongezeka kadiri alfajiri inavyokaribia, saa zile zile nilizokuwa nikigonga rimu.

Nilikuwa na kisingizio kimoja nilichokishikilia: wanafunzi wenyewe waliniambia, "Tumeshazoea, mwalimu." Nikawaamini kwa sababu ilinifaa kuwaamini. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha habari za watu waliolala saa 6 au pungufu kwa siku 14 mfululizo. Umakini wao ulishuka siku hadi siku, hata ikawa wengine ni sawa na mtu aliyekesha siku mbili bila kupata lepe la usingizi, ilhali wenyewe walijiona wana uchovu kidogo tu. Wale walikuwa watu wazima. Wangu walikuwa wavulana wa miaka 16, umri unaohitaji saa 8 hadi 10, na mimi niliwapa saa 4.

Matokeo ya moku ya mwaka wa pili yalishuka. Nikawaambia walimu wenzangu kwamba bila kengele yangu yangeshuka zaidi. Sidai kwamba usingizi peke yake ndio uliowafelisha. Hatukuwa na mwalimu wa fizikia, na maabara yetu ilikuwa na makufuli mengi kuliko vifaa. Lakini maabara haikuwa kosa langu. Kengele ilikuwa kosa langu, na ushahidi ulikuwa mbele yangu kila asubuhi, umelaza kichwa juu ya dawati, udenda ukilowesha daftari. Nikauita uvivu.

Mwaka jana nilimkuta yule kijana, sasa mtu mzima mwenye duka la vipuri vya magari. Nikamwomba radhi pale pale kaunta, wateja wakisikia. Akacheka, akasema habari za kufyeka alishazisahau siku nyingi.

"Ila mwalimu," akasema, "hadi leo saa tisa nakurupuka. Mke wangu huniuliza, unasikiliza nini?"