Stelingi Ni Nani?

Ukiingia kibanda umiza ukakuta picha imeshaanza, kuna swali moja tu la kumuuliza uliyekaa naye benchi: stelingi nani? Huulizi picha inaitwaje wala imetoka lini. Ukishaonyeshwa stelingi umepata yote, maana sheria ya kibanda inajulikana na watoto wa darasa la pili: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni na gunia, wewe tulia ule karanga zako.

Ndiyo maana Avengers ya kwanza, ile ya 2012, ilituletea matatizo kwetu Manzese, Dar. Tuliuliza stelingi nani, tukaonyeshwa watu sita. Iron Man, Captain America, Thor, Hulk, Black Widow na yule wa mishale. Sita! Ni kama kupanda daladala ukakuta madereva sita, kila mmoja ameshika usukani. Nusu ya kwanza ya picha ilienda kwenye ubishi. Waliovaa vizuri walimtaka Iron Man, wabeba mizigo wa sokoni walisimama na Thor kwa sababu ya nyundo. Kura zikahesabika pale Hulk alipomshika Loki mguu, akampigapiga sakafuni kama mtu anayekung'uta mkeka. Kibanda kizima kikasimama: "Rudisha!" Mwenye deki, rimoti yake imefungwa mpira wa baiskeli betri zisidondoke, akarudisha. Tukaona tena. "Rudisha!" Akarudisha tena. Picha ya dakika 143, pamoja na kurudisha na umeme kukatika mara moja, ilitutoa jua limeshazama. Stelingi alikuwa Hulk, na mjadala ukafungwa.

Sasa nije Hamburg ninakoishi, mji dada wa Dar kwa mujibu wa makaratasi, ingawa dada huyu hapendi kelele. Mwisho wa Aprili 2018 nilikwenda kuangalia Infinity War. Tiketi nilinunua kwa simu siku tisa kabla. Kiti kina namba, safu ina herufi. Juu ya bei wakaongeza kidogo kwa sababu picha ni ndefu. Sitanii, kumbi nyingi za Ujerumani picha ikizidi urefu fulani hutoza nyongeza. Kwetu mwenye kibanda akikuwekea picha ya saa mbili na nusu kwa shilingi mia tano zile zile amekutendea wema. Halafu bisi. Nikatia konzi mdomoni nikitegemea chumvi, nikakutana na sukari.

Picha ilisema Kijerumani. Wajerumani, kama sisi, hawapendi kusoma maandishi chini ya picha, kwa hiyo wana watu wa kuingiza sauti, na mwigizaji mkubwa huwa na mtu wake wa kudumu. Ila watu hao hugawanwa. Tobias Meister ndiye sauti ya Robert Downey Jr., na ndiye huyo huyo sauti ya Brad Pitt. Mimi niliyejifunza Kijerumani mbele ya televisheni, kila Tony Stark akifungua mdomo namwona Brad Pitt amejificha ndani ya lile deraya.

Kazi ni moja, tabia ni mbili. Mwingiza sauti wa Kijerumani anajitahidi usijue kwamba yupo. Wa kwetu anaanza kwa kujitaja jina. Nimekulia kwenye sauti ya Lufufu, Wakenya wana DJ Afro wao, na wote waliofuata wamerithi tabia hiyo hiyo: mtafsiri ni mtu aliyekaa nawe ndani ya picha. Anasalimia mitaa. Anamzomea adui kabla hujamzomea wewe. Mazungumzo yakiwa marefu anakwambia wazi kwamba hapa wanaongea mambo yao, tusubiri ngumi. Anadanganya pia, tena sana. Ila ni uongo wa mtu anayetaka ufurahi.

Turudi ukumbini. Jirani yangu wa kushoto alikuwa na pakiti ya chipsi kavu ambayo aliifungua kidogo kidogo, akisubiri milipuko ya kwenye picha imfiche. Nilimwonea huruma. Thor alipotua Wakanda na shoka jipya, mwili wangu ulinyanyuka wenyewe, nikasema "Eeeh!" kwa sauti, vichwa vitatu vikageuka, nikakaa. Kwetu hapo shilingi za barafu zingerushwa hewani.

Nina malalamiko yangu na picha ile. Hulk, stelingi wetu wa Manzese, alichapwa na Thanos, adui mwenyewe, dakika za mwanzo, kisha akagoma kutoka hadi mwisho, kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Na vita vikubwa vimepiganwa Wakanda, kwao Nakia, lakini Lupita Nyong'o hayumo. Dada yetu wa Kenya amefanya kazi yote ile kwenye Black Panther, mwezi Februari mwaka huo huo, siku ya mapambano haonekani hata akipita na ndoo ya maji. Nilimtafuta mpaka mwisho.

Halafu Thanos akapiga vidole. Watu wakaanza kugeuka vumbi, mmoja mmoja, Black Panther ndani yake, yule kijana wa buibui ndani yake. Ukumbi ulinyamaza, lakini ulikuwa umenyamaza tangu mwanzo, kwa hiyo sikuweza kujua kama wameumia. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Mimi nilikuwa nimevunjiwa katiba. Nilitaka mtu mmoja tu apige kelele kwamba haiwezekani, stelingi hafi. Tuliobaki hadi majina ya mwisho tuliona maandishi yanayosema Thanos atarudi, nikaelewa nilichouziwa: picha ya saa mbili na nusu ambayo stelingi wake ni adui. Na kwa hesabu hiyo sheria haikuvunjwa, maana yeye hakufa. Ni ujanja mzuri, na bado naona Infinity War ndiyo bora kuliko zote.

Endgame ya Aprili 2019 niliiona Hamburg wiki ya kwanza. Dakika 181, nyongeza ya urefu kama kawaida. Captain America alipoinua nyundo ya Thor, mtu mmoja safu ya nyuma alipiga makofi mawili, akajishtukia. Mwishoni tulibaki tukisubiri kipande cha ziada, hakikuja, ila sauti ya chuma kikigongwa, ile ya Tony Stark akitengeneza deraya lake la kwanza pangoni mwaka 2008. Walioijua walitazamana gizani. Kimya, lakini walitazamana. Nakubali hapo ukimya ulikuwa na kazi yake; Manzese sauti ile isingesikika.

Agosti nikarudi Dar likizo. Dar ina kumbi za kisasa, Mlimani City upo, na wazee wetu walikwenda na magari yao Drive-In kule Msasani, mahali ambapo sasa wamejenga ubalozi wa Marekani, Captain America mwenyewe angefurahi. Lakini mimi nilitaka benchi. Binamu yangu akanipeleka Mbagala, kibanda cha mabati, turubai jeusi dirishani, feni moja inayopuliza joto la upande mmoja kuupeleka upande wa pili. Nakala ilikuwa ya wizi, na kichwa cha mtu kilipita mbele ya skrini huko ilikorekodiwa. Watoto wa miaka sita saba walikaa mkekani mbele. Ujerumani picha ile ni ya kuanzia miaka 12 na mlangoni wanaangalia. Wasichana walikuwa wawili kati ya watu kama arobaini. Sitetei kila kitu.

Ila Thor alipotokea na kitambi chake! Hamburg walicheka kidogo kwa adabu. Mbagala mtu alisema, "Huyu kaoa," kibanda kikaanguka. Mipango ya kurudi nyuma kwenye wakati mtafsiri aliieleza kwa sentensi mbili, zote za uongo, na hakuna aliyepungukiwa. Black Widow alipojitupa kwenye lile jabali la Vormir ili mwenzake abaki, kelele zilikatika. Baadaye, kwenye maziko ya Stark, ukoo wote umesimama kando ya ziwa na suti nyeusi, mama wa chapati aliyekuwa akichungulia mlangoni akauliza, "Na yule dada mbona hawajamwekea msiba?" Niliiona picha ile Hamburg, nikasoma na maoni ya watu mtandaoni, swali hilo sikuwahi kulisikia likiulizwa kwa ufupi namna hiyo. Mwanamke peke yake kati ya wale sita wa mwanzo, hata tanga moja hana.

Picha ilipoisha, mtoto mmoja pale mkekani aligeuka nyuma kututazama wakubwa, uso umekunjamana. "Si mlisema stelingi hafi?"

Hakuna aliyemjibu haraka. Jamaa wa mlangoni alikuwa ameshaanza kufukuza watu, "toka, toka, wengine waingie, mechi saa kumi," tukatokea upande wa jua, na kesi ikahamia kwenye jiko la chapati. Binamu yangu alishikilia kwamba Stark amekufa, kwa hiyo hakuwa stelingi, stelingi ni Captain. Mwingine akasema Captain kazeeka, na kuzeeka ni kufa kwa mkopo. Dereva mmoja wa bodaboda, ambaye muda wote alikuwa anatafuna tu, akafuta mafuta mkononi na kusema stelingi ni panya.

Tukamtazama.

"Yule panya wa stoo," akasema. "Yule jamaa mdogo mdogo alikuwa amenaswa huko miaka mitano. Nani alikanyaga kitufe kwenye gari akatoka? Panya. Angepita pembeni, picha imeisha pale pale. Na mmemwona akifa?"

Mama akageuza chapati. "Hajafa," akasema. "Mpeni mtoto aliyekuwa analia, mwambieni hajafa."