Mipira Miwili

Kwetu Kenya, hita ya gari ni kama vikombe vya wageni: ipo, lakini hakuna anayekumbuka ilitumika lini. Theluji iko wapi? Ndiyo maana wengi hujaza rejeta maji ya mfereji mwaka nenda mwaka rudi, wakisema kulanti ni ya huko kwa Wazungu. Lakini kulanti haizuii maji kuganda tu, inazuia kutu pia. Maji matupu hula chuma polepole, na uchafu wake hutafuta mahali pembamba pa kulala. Pembamba ndiko kwenye kile kirejeta kidogo kilichofichwa nyuma ya dashibodi, kinachopasha hewa joto.

Gari letu ni la mkono wa tatu, na kutu tuliinunua pamoja nalo. Singejali. Lakini tunaishi Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mara mbili kwa wiki nampeleka Mama Nairobi kusafishwa damu. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri. Figo zikigoma, baridi haiji na upepo, inaanzia ndani. Julai hii alikuwa anavaa sweta mbili, koti, na shuka juu, na bado meno yanagongana.

Fundi alisema lazima ang'oe dashibodi yote. "Madam, hiyo ni kazi ya siku mbili." Pesa aliyotaja tulikuwa tumeshaipangia dawa.

Ijumaa, injini ikiwa moto, nilishika kwa tahadhari mipira miwili inayoenda kwenye hita. Mmoja ulichoma. Wa pili ulikuwa vuguvugu. Maji yanaingia, hayatoki.

Jumamosi, injini ikiwa imepoa kabisa, mimi na kaka yangu tulilegeza klipu, tukachomoa mipira, tukaingiza maji ya bomba kupitia njia ya kutokea ili uchafu urudi ulikotoka. Presha kidogo tu, maana chuma kilichozeeka ukikilazimisha kinapasuka. Mwanzoni, kimya. Kisha kikakohoa, kikatema tope la rangi ya chai na vipande vya kutu. Tuliyakinga kwa karai, kwa sababu mabaki ya kulanti ni matamu na yanaweza kuua mbwa. Kaka aliitazama ile mipira, mmoja unaingiza, mmoja unatoa, kama ya mashine ya Mama. Akaniangalia. Hatukusema kitu.

Maji yalipotoka safi, tulirudisha mipira, tukamwaga maji ya zamani kwenye rejeta, tukajaza kulanti na maji yaliyochujwa, nusu kwa nusu. Tukawasha injini kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa mwisho, mpaka mapovu yakaisha.

Jumanne Mama hakusema asante. Karibu na Uthiru alifungua kifungo cha kwanza cha koti, kisha cha pili. Tulipofika Kangemi alikuwa amelala.