Barua kutoka Milwaukee: Maneno ya Bao Yasitupotee

Ndugu zangu wa Mbeya na Iringa, huku Milwaukee, mji ambao kwa miaka mingi ulikuwa makao makuu ya chama cha bolingi cha Marekani, kile kilichoundwa New York mwaka 1895, mtu anaweza kujua sheria zote za mchezo huu na bado asielewe wanaoucheza wanasema nini. Sheria zenyewe ni nyepesi: pini 10 husimamishwa mwisho wa njia yenye urefu wa mita 18 hivi, nawe unaviringisha tufe zito uziangushe. Zikianguka zote kwa mara moja, hiyo ni straiki. Straiki tatu mfululizo huitwa bata mzinga. Zikibaki mbili tu, moja pembe ya kushoto kabisa na moja pembe ya kulia, hizo ni nguzo za kitanda. Mwenye kutumia mkono wa kulia, tufe lake likivuka upande usio wake na bado likaangusha pini zote, wenzake watasema amepata Brooklyn; pointi atapewa, sifa atanyimwa. Anayeachiwa kucheza wa mwisho katika timu huitwa nanga. Hata yule anayecheza vibaya kwa makusudi mwanzoni mwa ligi ili aongezewe pointi baadaye ana jina lake, na si jina la heshima.

Maneno kama haya huzaliwa pale watu walewale wanapokutana kila wiki, wakatazamana wakicheza, wakasifiana na kuzomeana. Mchezo peke yake hauyatunzi. Mwanazuoni Robert Putnam alionyesha kwamba kati ya mwaka 1980 na 1993 wacheza bolingi wa Marekani waliongezeka kwa asilimia 10, huku wanaocheza kwenye ligi wakipungua kwa asilimia 40. Yaani mchezo ulikuwa ukinawiri na baraza lake likivunjika. Nanga ya nini kwa mtu aliyekuja na watoto wake kusherehekea siku ya kuzaliwa? Hata hesabu, ambayo zamani iliandikwa kwa mkono na mtu aliyeijua, sasa inafanywa na kompyuta, kwa hiyo mgeni humaliza mchezo bila kujua kwa nini straiki huongezewa pointi za mitupo miwili inayofuata.

Nayaandika haya kwa sababu ya bao letu. Tazameni utajiri uliomo katika ubao wa mashimo 32 na kete 64. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa ndani ya shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Kipindi cha kuingiza zile za mkononi ni kunamua; zikiisha, mchezo unaingia mtaji. Asiyepata cha kula hutakata. Mashimo ya pembeni ya safu ya mbele huitwa kichwa na kimbi. Aliyesafishwa safu ya mbele ameambiwa hamna, na aliyefungwa kabla kete za akiba hazijaisha amefungwa mkononi, aibu ambayo haisahauliki kijiweni. Leo bao lipo kwenye simu. Programu itakuonyesha shimo la kuanzia na itakukataza kukosea, jambo jema kwa mwanafunzi. Lakini haina mzee nyuma ya bega lako anayekuambia nyumba yako inanukia kuliwa.

Wapo watakaosema hii ni lugha ya vijiweni, ya watu wasio na kazi. Mpira wa miguu unawajibu. Kanzu na tobo zilitoka kwa watazamaji, na leo watangazaji wa redio wanazitumia bila haya. Wagonga Nyundo wa Mbeya City, walioshika nafasi ya tatu msimu wao wa kwanza wa ligi kuu, 2013/14, na Wanapaluhengo wa Lipuli, waliofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, wanajulikana nchi nzima kwa majina hayo. Hoja nzito zaidi ni ile inayosema lugha hujizalia yenyewe, yakifa haya yatakuja mengine. Ni kweli kwa mpira, kwa kuwa uwanja wa Sokoine na ule wa Samora bado vinakutanisha watu. Kwa bao sina uhakika huo. Baraza likihamia kwenye kioo cha simu, ni nani atakayemzomea nani? Na tusiseme Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoanzishwa mwaka 1967, litashughulikia. Kamusi huingiza kilicholetwa mezani. Mtafiti Alex de Voogt aliandika kitabu kizima mwaka 1995 kuhusu umahiri wa bao, akiwategemea mabingwa wa Zanzibar. Lakini Nyanda zetu za Juu nazo zina usemi wake, na ng'ambo ya mto Songwe Wamalawi nao wana bawo, ndugu wa karibu kabisa wa bao letu. Jina gani la hila limevuka mto, na lilivuka likielekea wapi? Swali hilo linajibika wazee wakiwa hai.

Kwa hiyo nawaomba vijana mnaosoma Kiswahili pale chuo cha Mkwawa, na walimu wa Kyela, Tukuyu na Mafinga: nendeni vijiweni na daftari na simu ya kurekodi. Msiulize sheria, hizo zimeshaandikwa. Kaeni, tazameni mchezo hadi uishe, na mwandike kila neno linalotoka kwa watazamaji, hata la matusi, pamoja na jina la kijiji na umri wa msemaji. Anzeni likizo hii.