Pikipiki kongwe ya mjomba yaanguka mtihani

Je, msomaji, umewahi kuona pikipiki ikipelekwa kufanya mtihani? Mimi nimeona. Tena niliona mwenye pikipiki, mzee wa miaka 72, akisubiri matokeo huku amekunja mikono kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani wa shule.

Hayo yalikuwa mjini Coventry, Uingereza, mwezi Juni 2019. Ukitoka London kwa gari-moshi unafika huko kwa muda wa saa moja hivi. Mjomba wangu, ambaye aliondoka Nairobi akiwa kijana na kuajiriwa kiwandani, ameishi Coventry zaidi ya nusu ya maisha yake. Alikuwa ameniahidi jambo moja: kabla sijarudi nyumbani angenibeba kwa pikipiki yake hadi Meriden, kijiji kilicho umbali wa kilomita kumi hivi, nikaone mahali ilikozaliwa.

Pikipiki yenyewe ni Triumph Bonneville ya mwaka 1977. Ina silinda mbili na injini ya cc 744, na haina swichi ya kuiwashia. Huwashwa kwa mguu. Kwanza mjomba hufungua petroli, kisha hubonyeza vijipini vya kabureta mpaka petroli ichuruzike vidoleni. Baada ya hapo huinuka na kuipiga kiki kwa uzito wake wote. Ikiwaka, vikombe vya chai hutetemeka jikoni.

"Hiyo ndiyo simu yake," mke wa mjomba aliniambia. "Majirani wote hujua mzee ametoka."

Mji wa mabomu na magurudumu

Coventry ni mji uliolelewa na magurudumu. Hapa zilitengenezwa baiskeli, kisha pikipiki na magari. Kiwanda cha Triumph kilikuwa katikati ya mji mpaka usiku wa Novemba 14, 1940, wakati ndege za Ujerumani zilipomwaga mabomu hadi alfajiri. Kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli liliteketea, na kuta zake bado zimesimama bila paa kando ya kanisa jipya lililowekwa wakfu mwaka 1962. Kiwanda cha Triumph nacho kiliharibiwa. Mwaka 1942 kiwanda kipya kilifunguliwa Meriden.

Huko ndiko Bonneville ya kwanza, ya modeli ya mwaka 1959, ilikotengenezwa. Jina lake lilitokana na uwanda wa chumvi wa Bonneville huko Utah, Marekani, ambako watu hushindania rekodi za mbio. Kwa miaka kadhaa vijana wengi waliililia. Kisha mwaka 1969 Wajapani wakaleta Honda CB750, yenye silinda nne, breki ya diski mbele na swichi ya kuiwashia. Zaidi ya hayo, haikudondosha oili.

Mwaka 1973 wenye kampuni walipotangaza kwamba kiwanda cha Meriden kingefungwa, wafanyakazi walifunga malango na kukataa kuondoka. Baada ya mvutano mrefu, serikali iliwakopesha fedha, na mwaka 1975 walianza kukiendesha wenyewe kama chama cha ushirika. Pikipiki ya mjomba ilitengenezwa na mikono ya wanaushirika hao. Walijitahidi mpaka mwaka 1983, kiwanda kilipofungwa kabisa.

Mtihani wa kila mwaka

Waingereza huuita mtihani huo MOT, herufi za jina la iliyokuwa Wizara ya Uchukuzi. Ulianza mwaka 1960 kwa magari yaliyotimiza umri wa miaka kumi. Mengi mno yalianguka, na kufikia mwaka 1967 umri huo ulikuwa umeteremshwa hadi miaka mitatu. Mkaguzi hutazama taa, honi, usukani, shokomzoba, magurudumu, matairi, mnyororo, fremu na ekzosi. Breki hupimwa nguvu zake kwa mashine. Kwa pikipiki, ada ya juu kabisa ilikuwa pauni 29.65 wakati ule.

La kushangaza ni kwamba pikipiki ya mjomba haikuhitaji mtihani huo. Tangu Mei 2018, chombo kilichopita umri wa miaka 40, na ambacho hakijafanyiwa mageuzi makubwa, kimesamehewa. Lakini mjomba huipeleka kila mwaka. Kabatini ana faili nene la karatasi zote tangu alipoinunua mwaka 1986, na jioni moja tulilipitia pamoja mezani.

Ukitaka kujua kama pikipiki ni ya kutegemewa, msomaji, usimuulize mwenyewe. Soma faili lake. Sikuona injini ikiangusha mtihani hata mara moja. Kilichokuwa kikimwangusha ni taa ya breki, mara tano. Sababu ni kwamba pistoni zote mbili za injini ile hupanda pamoja na kushuka pamoja, na mtetemo wake hulegeza nati na kukata nyuzi za balbu. Kila ukurasa wa pili ulitaja oili inayovuja kidogo.

"Hapa husema Triumph isiyodondosha oili ni ile iliyoishiwa na oili," mjomba alicheka.

Lakini pikipiki hiyo haina mafumbo. Spea bado hupatikana, na fundi mwenye spana na subira huweza kuifungua na kuifunga tena. Kwa hiyo husumbua mara nyingi, ila ni nadra kumlaza mtu njiani.

Matokeo

Siku ya Alhamisi tuliipeleka gereji. Mkaguzi alikuwa kijana mpole aliyezaliwa miaka mingi baada ya pikipiki ile. Aliiwasha taa na kuizima, akaupinda usukani kushoto na kulia, akapima breki. Kisha akachuchumaa kando ya gurudumu la mbele, akalizungusha polepole na kurunzi mkononi. Akalisimamisha. Akalirudisha nyuma kidogo.

Alimwita mjomba aje kutazama. Meno ya tairi yalikuwa marefu, kana kwamba lilinunuliwa juzi. Lakini ubavuni mpira ulikuwa umepasuka, na ndani ya ufa zilionekana nyuzi. Kila tairi lina tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa. Za hili zilikuwa 3405, yaani wiki ya 34 ya mwaka 2005. Kwa kuwa mjomba huendesha siku chache za jua tu, tairi halikulika. Lilizeeka likiwa limesimama.

Matokeo yaliandikwa: kasoro ya hatari. Hakuna ruhusa ya kuiendesha mpaka irekebishwe.

Lililomuuma mjomba zaidi ni karatasi ya mwaka uliotangulia, ambayo ilikuwa imemwonya kuhusu nyufa ndogo katika tairi lile lile. Alikuwa ameisoma na kuitia kwenye faili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mimi nilikuwa na haraka zangu. Ndege yangu ilikuwa Jumapili usiku, na tairi la kipimo kile lilikuwa halipo gerejini. Nilimvuta mjomba kando.

"Mjomba, si sheria imekusamehe mtihani huu? Meriden ni hapo tu. Twende polepole."

Alinitazama kwa muda. "Sheria imenisamehe karatasi, mpwa wangu. Haikunisamehe tairi. Nikishikwa na pikipiki mbovu, faini yaweza kufika pauni 2,500."

Alinyamaza, kisha akaongeza, "Na hiyo faini ndiyo iliyo ndogo."

Tulirudi nyumbani kwa basi. Ndani ya basi hilo aliniambia jambo ambalo mama yangu hajawahi kunieleza. Nilijua kwamba ndugu yao mdogo alifariki kwa ajali karibu na Mtito Andei mwaka 1981. Sikujua kwamba alikuwa kwenye pikipiki ya kuazima, wala kwamba tairi la mbele lilipasuka.

"Kila mtu alijua tairi lile ni bovu," mjomba alisema. "Mwenyewe alijua. Mimi nilikuwa huku, lakini aliniandikia barua akalitaja. Nilimjibu habari za hali ya hewa."

Hakusema zaidi, nami sikuuliza.

Safari ya kilomita kumi

Tairi liliwasili Jumamosi asubuhi. Lilifungwa, likapimwa, na pikipiki ikafaulu. Karatasi mpya ilibeba onyo moja tu: oili yavuja kidogo juu ya injini. Safari hii mjomba hakuitia kwenye faili. Aliibandika mlangoni pa jokofu, mahali ambapo mkewe angeiona kila siku.

Jumapili asubuhi tuliondoka. Upepo ulikuwa baridi, mashamba yalikuwa mabichi pande zote, na mtetemo wa injini ulipanda kutoka miguuni hadi menoni. Meriden ni kijiji kitulivu ambacho wenyeji hudai ndicho kitovu cha Uingereza. Uwanjani pana mnara wa kuwakumbuka waendesha baiskeli waliokufa vitani. Mahali pa kiwanda sasa pana nyumba za watu, na moja ya njia zake inaitwa Bonneville Close.

Mjomba alisimamisha pikipiki na kuzima injini. Tone moja la oili lilianguka barabarani. Alilitazama, akatoa kitambaa mfukoni, akapangusa injini pale lilipotokea.

Nimerudi Nairobi sasa, na kila asubuhi naona watoto wetu wakipakiwa kwenye bodaboda, wawili au watatu, kuelekea shuleni. Mzazi huuliza bei, akalipa, akapunga mkono. Nawe mwanafunzi huruka juu huku ukitazama saa. Basi nakuomba jambo moja, msomaji, lisilokugharimu hata shilingi. Kesho kabla ya kupanda, inama kidogo. Tazama ubavu wa tairi la mbele. Ukiona ufa, mwambie mwenyewe kwa heshima, umpungie mkono, ungoje nyingine.

Kuchelewa shule kuna adhabu yake. Adhabu hiyo huisha siku hiyo hiyo.