Reli Juu ya Meza

Wako wazazi wengi wanaodhani ya kuwa mchezo wa mtoto ni kitu cha kupitisha wakati tu, na ya kuwa mtu mzima akishughulika nao amepoteza siku yake. Mimi ni mwalimu, na miaka yangu ya kufundisha imenionyesha vingine. Kwa hiyo nataka kuwaeleza wasomaji habari za reli ndogo niliyomtengenezea mjukuu wangu hapa Mwanjelwa, namna ilivyotengenezwa na kazi iliyoifanya.

Mtoto huyu ana miaka saba. Baba yake alikwenda Kapiri Mposhi, nchi ya Zambia, kutafuta kazi, akakawia huko. Fedha alituma, lakini sauti yake ilikuwa adimu. Watoto wenzake wakamwambia kwamba mtu akishaingia Zambia hupotea, naye akasadiki. Hata akaanza kusema, "Nilipokuwa na baba," kama asemavyo yatima. Maneno hayo yalituchoma moyo, mimi na bibi yake. Kumwambia kwamba baba yupo hakukufaa kitu, kwa maana mtoto husadiki akionacho. Basi nikaona heri nimwonyeshe njia yenyewe.

Njia hiyo ni reli ya TAZARA, ambayo stesheni yake ya Mbeya iko upande wa Iyunga. Yafaa tukumbuke asili yake. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na njia ya shaba ya Zambia kwenda kusini ikawa ya mashaka. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakatafuta njia ya kufika bahari ya Dar es Salaam. Mwaka 1967 China ilikubali kuwasaidia kwa mkopo usio na riba. Ujenzi ukaanza mwaka 1970, reli zikafika mwisho mwaka 1975, na mwaka 1976 kazi yote ikakabidhiwa. Urefu wake ni kilometa 1,860: kilometa 975 ziko Tanzania, na 885 ziko Zambia. Wachina zaidi ya 60 walifia katika kazi hiyo, na makaburi ya wengi wao yako Gongo la Mboto. Waafrika nao walikufa.

Sasa nieleze meza. Kwanza nilichagua kipimo cha gari, yaani kila kitu kiwe sehemu moja ya mia ya kitu chenyewe. Upana kati ya reli mbili za TAZARA ni milimita 1,067. Juu ya meza ukawa sentimeta moja na kidogo. Reli nilizifanya kwa fito nyembamba za mwanzi, nikazilaza juu ya vijiti vya kiberiti. Kijiti kimoja hukatwa mara mbili, nacho hutoa mataruma mawili. Mataruma ya TAZARA ni ya zege, kwa hiyo tulivipaka vijiti majivu yaliyochanganywa na gundi.

Magurudumu yalinisumbua. Watoto wa hapa hutumia vizibo vya soda, lakini kwa kipimo changu kizibo kingekuwa gurudumu lenye kimo cha meta tatu! Dawa niliipata kwa fundi cherehani wa sokoni, nayo ni vifungo vya shati. Kifungo chenye upana wa sentimeta moja ni sawa na gurudumu la meta moja, karibu sana na lile la kweli. Kwa upande wa ndani niligundisha kifungo kikubwa zaidi kidogo, kiwe ukingo. Ukingo huo ndio unaolizuia gari lisiruke nje ya reli. Mjukuu wangu aliufahamu kwa kidole chake kabla sijaueleza kwa maneno. Injini niliichonga kwa kipande cha msindano. Nasi tuliendelea kuiita gari la moshi, ingawa injini za TAZARA hazikuwa za makaa, bali za dizeli.

Kisha nikaona shida nyingine. Kwa kipimo kile cha mia, safari nzima ingetaka meza ya kilometa 18 na meta 600. Basi safari nikaipa kipimo chake: kila sentimeta moja iwe kilometa kumi. Reli yetu ikawa na urefu wa sentimeta 186, na mpaka wa Tunduma ukaangukia kwenye sentimeta 97 na nusu. Kati ya Mlimba na Makambako tulijenga milima kwa magazeti yaliyolowekwa katika uji wa unga wa ngano. Sehemu hiyo ndiyo iliyowatesa wajenzi kuliko zote, kwa sababu gari la moshi halipandi mlima kama mbuzi. Hutaka njia ya mzunguko, madaraja marefu na mahandaki. Mzigo wetu ulikuwa vipande vya waya wa shaba kutoka Zambia, na wakati wa kurudi mchele wa Kyela.

Siku kazi ilipokwisha, mtoto alisimama mahali pa Mbeya, akaunyosha mkono hata Kapiri Mposhi. Haukufika. Akasogea hatua mbili, ukafika. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Babu, kama njia ipo, mbona baba haji?"

Wasomaji, swali hilo lilikuwa zito kuliko meza yenyewe. Ningeweza kusema gari limeharibika, lakini mtoto angeitengeneza injini yake na kuningojea kwa swali lile lile. Nikamjibu, "Mjukuu wangu, reli haimleti mtu, humchukua aliyekwisha kuamua kuja. Swali hilo ni la baba yako, si langu."

Jioni ile tulimpigia simu. Mtoto alisema, "Shikamoo baba," wala hakulia. Akamwuliza, "Ukitoka huko unapita stesheni gani?" Baba akababaika kidogo, kisha akazitaja: Mkushi, Serenje, Mpika, Kasama, Nakonde. Mtoto akaweka punje moja ya maharage kwa kila jina. Baadaye mkwe wangu akaniomba mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, anafanya nini huko?" Nikamweleza yote, pamoja na lile neno la "nilipokuwa na baba." Hakujibu upesi.

Tangu siku ile hupiga simu kila Jumamosi. Bado hajaja, nami sitamsemea. Lakini mtoto hasemi tena kama yatima. Wenzake wakija, huwaonyesha kwa kidole: "Baba yangu yuko hapa. Kutoka kwetu ni sentimeta mia moja na kidogo."

Enyi wazazi mlio mbali na watoto wenu, fedha hulisha tumbo, wala hazimwonyeshi mtoto mahali mlipo. Nanyi mnaokaa nao nyumbani, msione haya kuketi chini na gundi na vifungo. Gharama yake ni ndogo, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.