Tupime Mara ya Pili Kabla ya Kuhukumu



Tafakari ya juma hili inaanza na kosa letu wenyewe. Mhusika ameturuhusu kulisimulia, nasi jina lake tunalihifadhi.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia tuliyoihudumia zamani, mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo alipimwa mkojo kazini kwake. Majibu yalionyesha benzodiazepini, yaani dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu, ambazo mwajiri hakuziruhusu bila cheti cha daktari. Alisimamishwa kazi siku ile ile. Kabla ya Dominika habari zilikwisha kufika sokoni, tena zikiwa zimenenepa: mwenyekiti anatumia dawa za kulevya! Nasi, kwa kuogopa kashfa, tulimwita na kumwomba akae pembeni mpaka mambo yatulie. Hatukumwuliza hata swali moja.

Aliyetufumbua macho ni mkewe. Alikuja nyumba ya mapadre na pakiti ya vidonge mkononi, akasema: “Baba Paroko, hivi ndivyo anavyomeza. Alipewa hospitalini baada ya ile ajali, kwa ajili ya hofu iliyokuwa ikimwamsha usiku.” Vilikuwa vidonge vya sertralini, dawa ambayo si ya jamii ile kabisa.

Tulimwendea daktari, naye akatufafanulia kwa uvumilivu. Kipimo cha awali cha mkojo hakiisomi dawa kwa jina lake. Hutumia kingamwili zinazonasa umbo la kemikali, na mara nyingine hunasa isiyohusika. Maelezo rasmi ya sertralini yenyewe yanaonya kwamba inaweza kuleta majibu ya uongo ya benzodiazepini, hata siku kadhaa baada ya mgonjwa kuiacha.

Kinyume chake pia hutokea. Vipimo vingi vya aina hiyo viliundwa kunasa hasa oksazepamu. Hivyo mgonjwa anayemeza klonazepamu au lorazepamu kwa uaminifu aweza kuonekana hana dawa mwilini, akashukiwa kuwa anaviuza vidonge vyake. Tena diazepamu, ikiisha kuvunjwa na mwili, huacha temazepamu na oksazepamu ndani ya mkojo; asiyejua atadhani mgonjwa amejiongezea dawa nyingine kwa siri.

Ndiyo maana kipo kipimo cha uthibitisho, ambacho hutenganisha kemikali na kuitambua kila moja peke yake. Ndugu yetu alifanyiwa hicho, na benzodiazepini haikuonekana. Alirudishwa kazini. Lakini zile juma tano za kuepukwa na majirani, nani atamrudishia?

Wapendwa, katika sura ya 13 ya Kitabu cha Danieli, Susana alihukumiwa kufa kwa ushahidi wa wazee wawili walioheshimika, na kusanyiko lote likasadiki. Kijana Danieli alitaka kesi irudiwe. Aliwatenganisha mashahidi, akamwuliza kila mmoja peke yake kuhusu mti ule ule, na uongo ukajitokeza. Wazee wale walidanganya kwa kusudi. Kipimo hakina kusudi. Lakini kosa la kusanyiko na kosa letu ni moja: kuridhika na ushahidi wa kwanza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inaiweka hukumu ya harakaharaka miongoni mwa makosa dhidi ya Amri ya Nane.

Kwa ninyi mnaotumia dawa za wasiwasi, msione haya. Ugonjwa huo si upungufu wa imani. Kabla ya kupimwa, tajeni dawa zote mnazotumia na mwoneshe cheti cha daktari. Majibu yakiwashangaza, ombeni kipimo cha uthibitisho. Wala msiache dawa ghafla kwa kuogopa kipimo: kuacha benzodiazepini kwa ghafla kwaweza kuleta degedege na kuhatarisha maisha. Zungumzeni kwanza na daktari.

Nasi tusiopimwa, tuzuie ndimi zetu. Tulikwenda nyumbani kwa ndugu yule tukamwomba msamaha mbele ya mkewe na watoto. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Baba, mngeniuliza tu.” Maneno hayo tunayabeba hadi leo kila tuketipo kusikiliza habari za mtu asiyekuwepo.

Tunawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.